Uvimbe wa taya hauumi, daktari anataka kukata kinyama cha kupima, nyumbani wamegoma. Naombeni ushauri wakuu

kijana_wa_mbozi:

Habari za saa hizi wakuu, poleni na majukumu. Naenda moja kwa moja maana wiki ya pili hii usingizi sina.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, dereva boda, hajawahi kulazwa hata siku moja. Mwaka juzi mwishoni kinyozi wake alimwambia dogo mbona ndevu za kushoto zinakaa mbele kuliko za kulia, wakacheka yakaisha. Kumbe ndo ulikuwa mwanzo. Kama miezi 6 baadae gego la chini kushoto likaanza kucheza, akaenda zahanati moja ya mtu binafsi wakaling'oa, wakampa amoksilini na metronidazo, uvimbe haukushuka. Akarudi wakang'oa la pili yake, dawa zilezile. Mpaka leo shimo la lile jino la pili halijafunga vizuri, kuna kinyama kama kinachungulia. Hakuna aliyempiga eksirei hata moja. Na tatizo ni kwamba HAUMI, yani anakula, analala, anabeba abiria, ungekuwa unauma tungeshtuka mapema.

Mwezi uliopita nikamburuza mwenyewe hospitali kubwa. Daktari wa kinywa akambonyeza nje na ndani, akampeleka kwenye ile eksirei unayosimama mashine inakuzunguka kichwa. Picha inaonyesha mfupa wa taya umekuwa vyumba vyumba kama povu la sabuni. Daktari akasema anahisi ni kitu kinaitwa ameloblastoma, ila hawezi kusema kwa uhakika mpaka akate kinyama kidogo kiende maabara.

Kufika nyumbani baba mdogo kakataa katakata, anasema uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika unasambaa. Ana mfano kabisa, kuna mama mmoja kijijini alikatwa kinyama hospitali, miezi 3 tukamzika. Mama mzazi analia tu. Alafu katokea mtaalamu wa tiba asili anasema yeye ataupoza, atachanja juu ya shavu apake dawa. Dogo mwenyewe kanywea, anachoogopa ni kutolewa taya abaki hana kidevu.

Nachotaka kujua: ni kweli ukikatwa kinyama ugonjwa unasambaa? Na kuna mtu humu amepitia hii kitu ya taya akabaki na sura yake? Naomba kuwasilisha.

---

mzee_kibatari:

Pole mdau. Mi siyo daktari ila msikilize huyo baba mdogo, wazee wameona mengi. Kwa shemeji yangu ilikuwa hivyohivyo, hospitali walipochokonoa tu ndo ukafumuka. Kuna magonjwa ya sindano na kuna magonjwa hayataki sindano.

---

dentisti_wa_mkoani:

Pole sana kijana_wa_mbozi. Mimi kazi yangu ni hii, niko hospitali ya mkoa mmojawapo, nina miaka 11 kwenye fani. Nitaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Nianze na hilo la chuma maana hata mzee_kibatari hajalitoa hewani. Watu wanaona mtu ana kidonda mdomoni mwaka mzima, anapaka, anasukutua, anameza dawa za duka, anakuja hospitali tezi za shingo zishatoka kama ndimu. Anakatwa kinyama, majibu yanakuja saratani, miezi michache anafariki. Kinachokumbukwa kijijini ni ile siku ya kisu, ule mwaka mzima wa nyuma unasahaulika. Yule mama wa kwenu sitashangaa kama ilikuwa hivyo. Kukata kipande ukubwa wa punje ya mahindi kwa ganzi hakuubadilishi uvimbe kuwa kitu kingine, ulivyokuwa kabla ndivyo utakavyokuwa kesho yake.

Ila kuna kaukweli kamoja humo ndani lazima niwe mkweli. Ipo mivimbe michache ya mishipa ya damu inayokaa ndani ya mfupa wa taya, hiyo ukiing'oa jino juu yake bila kujua damu inaweza kumwagika mpaka mtu akapotea kwenye kiti. Ndo maana sisi tunataka picha KWANZA, na kabla ya kisu tunachoma sindano tupu tuvute tuone, ikitoka damu tupu tunasimama hapohapo. Sasa jiulize ni nani aliyecheza na hatari hapa, huyu anayetaka kukata kinyama akiwa na picha mkononi au yule aliyeng'oa magego mawili bila eksirei?

Jino linalocheza kwa kijana wa miaka 24 ambaye fizi zake ni nzima na jino lenyewe halijatoboka, hilo jino halina kosa. Kuna kitu chini kinalisukuma. Jipu la jino linauma, lina moto, linakuja kwa siku kadhaa, linatoa usaha na likipata dawa na jino likatoka linanywea. Uvimbe mgumu kama mfupa, unakua kwa miezi, hauumi, haujibu antibaiotiki, huo siyo wa jino hata kama umetokea kwenye jino.

Sasa ameloblastoma ni nini. Meno yanapojengwa utotoni kuna chembe zinazotengeneza lile gamba gumu jeupe la nje. Kazi ikiisha zinapotea, lakini mabaki yake hubaki ndani ya taya, na kwa baadhi ya watu yanaanza kuzaana upya. Karibu mara 8 kati ya 10 inakuwa taya la chini, hasa huku nyuma kwenye magego, na wanaopata wengi ni vijana na watu wazima wa miaka 20 mpaka 40 na kitu. Kwa kawaida siyo saratani, hairuki kwenda mapafu wala ini (inatokea ila ni nadra sana). Ubaya wake ni kwamba ni mlafi wa mfupa. Inatafuna taratibu mpaka taya linabaki jembamba kama ganda la yai, na inatuma vijizizi ndani ya mfupa kupita pale picha inapoonyesha mwisho.

Ndo maana kuikwangua tu na kijiko cha upasuaji mara nyingi inarudi, nimeona waliokwanguliwa mara 2 mara 3. Ile ya vyumba vingi tunakata pamoja na mfupa mzima wa pembeni kama sentimita 1 mpaka 2. Ya chumba kimoja, hasa kwa vijana wadogo, wakati mwingine inaweza kutibiwa kwa upole zaidi. Na kuna ugonjwa mwingine, kifuko tu cha maji mazito, kwenye picha unafanana nayo kabisa na matibabu yake ni tofauti. Sasa bila kinyama daktari atajuaje akate kiasi gani? Atakata kwa kubahatisha, na taya la mtu halibahatishwi.

Kuhusu kuchanja shavu: USIKUBALI. Uvimbe uliofungwa na ngozi nzima ni afadhali mara mia kuliko uliopasuliwa ukaingia uchafu. Wakija kwetu hao tunahangaika kwanza na usaha na harufu ndo tufikirie uvimbe.

---

taya_la_chuma:

Mkuu kijana_wa_mbozi nimejiunga leo kwa ajili ya hili bandiko tu, nilikuwa nasoma kimyakimya miaka yote.

Mimi nilifanyiwa operesheni hiyo Muhimbili mwaka 2016, upande wa kulia, nilikuwa na miaka 27. Uvimbe wangu nilikaa nao miaka 4 kwa sababu hizohizo, haumi, alafu nilikuwa nasikia aibu nikawa napiga picha upande mmoja. Nilichanjwa pia, alama ninazo.

Wameniondolea taya kuanzia karibu na jino la mbele mpaka nyuma kwenye kona. Wakaweka pleti ya titani na skrubu kushika pande mbili zisianguke. Sitakudanganya wiki ya kwanza ni ngumu. Uso unavimba mpaka hujijui, unalishwa kwa mpira wa puani, unaandika kwenye karatasi ukitaka kitu. Baadae uji, supu, mtori uliosagwa, kwa mrija. Nilishuka kilo 9. Mdomo wa chini upande ule una ganzi mpaka leo kwa sababu mshipa wa fahamu unapita ndani ya mfupa ulioondoka, kwahiyo chai ikinichuruzika sijui mpaka mtu aniambie.

Baada ya mwaka na kitu wakachukua mfupa wa nyonga wakaujaza pale. Kusema kweli nyonga iliniuma kuliko taya, nilitembea kama bata wiki 3. Kuna wenzangu wodini walichukuliwa ule mfupa mwembamba wa pembeni mwa mguu pamoja na mishipa yake ya damu wakaunganishiwa shingoni, hiyo inafanyika pale uvimbe ukiwa mkubwa.

Sura? Kovu langu liko chini ya taya linafichwa na ndevu. Ukinitazama sana utaona upande mmoja umebonyea kidogo. Nilioa 2019 na mke wangu alidhani nilipata ajali ya pikipiki, sikumkatalia mpaka tukazoeana 😂

Kila mwaka naenda kupigwa picha. Waliniambia nisiache hata nikijiona mzima maana inaweza kurudi hata baada ya miaka 10.

---

mama_kulwa_mwz:

Poleni jamani. Mi nachangia kidogo kwa wenye watoto wanaosoma hapa wasije wakadhani uvimbe wote wa taya ni wa kusubiri miaka.

Mwanangu akiwa na miaka 5 alianza kulegea meno ya juu, nikajua anabadilisha meno ya utoto. Baada ya siku kama 10 shavu limejaa, jicho linasukumwa nje, nilimlaza Jumatatu yuko hivi Jumatano yuko vingine. Nilishaambiwa ni meno ya nailoni, nikaambiwa ni jicho la mtu. Nashukuru nesi mmoja pale zahanati ya kata aliniangalia akaniambia mama usilale hapa leo, nenda Bugando. Kule wakakata kinyama, wakapima na uboho, wakasema ni Burkiti, aina ya saratani inayoshika watoto. Hakukatwa taya wala nini, alitundikiwa dawa za mshipani tu, kwenye dozi ya kwanza nakwambia ukweli wa Mungu uvimbe ulianza kunywea mwenyewe naona. Nywele zilinyonyoka zote zikaota tena. Yuko darasa la nne.

---

dentisti_wa_mkoani:

Mama Kulwa asante sana, hongera kwa kukimbia siku ileile. Huo ugonjwa una jina la daktari mmoja Mwairishi, Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago kule Kampala. Aliona watoto wanakuja na taya zilizovimba kwa namna moja, mwaka 1958 akaandika. Baadae ilikuja kujulikana unaendana na kirusi fulani na malaria ya mara kwa mara, ndo maana uko zaidi ukanda wetu huu wenye mbu. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 au 2, hakuna uvimbe wa binadamu unaokimbia kama ule, na vilevile unayeyuka haraka kwa dawa. Mtoto meno yanalegea kabla ya umri wake na taya linajaa, hiyo ni safari ya leoleo.

---

bakari_wa_forodhani:

Assalam aleikum. Nami nitie langu, si la taya hasa ila ni jirani yake.

Mzee wangu alikuwa mtu wa tambuu (ile ya popoo) na kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) tangu ujana, kwetu huku unajua tena, barazani huwezi kukaa mtupu. Akatoka kijidonda ubavuni mwa ulimi. Akasema jino lililovunjika linamkwaruza, tukaamini. Akasukutua maji ya chumvi, akasukutua mkarafuu, miezi mitano! Kilikuwa hakimuumi ndo kilichotuponza. Kuja kuona tezi ya shingo ishatoka.

Wakakata kinyama, saratani. Wakamkata sehemu ya ulimi pamoja na tezi za shingo, alafu mionzi Ocean Road. Jambo lililonishangaza ni kwamba kabla ya mionzi walimng'oa meno mabovu yote yaliyobaki, mi nikawaka kweli siku ile, nikasema mzee kakatwa ulimi na meno mnamalizia? Daktari akanieleza kwa upole kwamba taya likishapigwa mionzi damu yake inapungua, ukija kung'oa jino baadae shimo halifungi na mfupa unaweza kuoza. Bora uchafu utoke kabla.

Mzee alikaa nasi miaka 6 baada ya hapo, Mungu amrehemu, na alichoondoka nacho ni presha si saratani. Mi mwenyewe popoo nimeacha.

---

mzee_kibatari:

Sasa we Bakari unasema kila kidonda mdomoni mtu akakatwe? Mi natoka vidonda kila nikila nanasi.

---

dentisti_wa_mkoani:

Hapana mzee wangu. Kidonda cha nanasi, cha kujing'ata, cha msongo, kinauma sana na kinapona ndani ya wiki 1 mpaka 2. Kinachotakiwa kuonwa ni kile kilichovuka wiki 2 au 3 hakijapona, hasa kama kingo zake ni ngumu ukigusa, au baka jeupe ama jekundu lisilofutika, au mdomo unaoanza kukaza huwezi kufungua kama zamani kwa watumiaji wa popoo. Na mdomo wa chini ukifa ganzi wenyewe bila kung'olewa jino usikae nyumbani.

Na kwa kuwa umeuliza niongeze moja ambayo haisubiri hata asubuhi: jipu la gego la chini likivimbisha chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi unapanda juu, mate yanashindikana kumezwa, sauti inabadilika kama mtu kaweka kiazi mdomoni. Huyo anaweza kuzibwa hewa usiku uleule. Nimempoteza kijana mmoja hivyo mwaka wangu wa pili kazini, aliletwa saa 10 alfajiri, na jino lenyewe lilikuwa na tundu la kawaida tu ambalo angeziba.

---

kijana_wa_mbozi:

Wakuu nimesoma yote, nimemsomea na dogo. taya_la_chuma ungeweza kuniambia kuhusu gharama? Bima ya dogo ilikufa.

---

taya_la_chuma:

Bei sitaki kukutajia maana ya kwangu ni ya zamani. Nachokushauri ukifika pale waone ustawi wa jamii mapema, siyo siku ya kutoka. Uliza pia bei ya pleti peke yake, hiyo ndo inayoumiza, na uliza kama hospitali inayo au mnanunua nje. Na tafuteni watu wa kuchangia damu mnaondoka nao kabisa, mimi operesheni yangu iliahirishwa mara moja kwa sababu ya chupa 2 za damu.

---

dentisti_wa_mkoani:

Naongezea hapo. Nendeni na ile picha na barua ya rufaa. Muulize pia daktari kama ukingo wa chini wa mfupa bado mzima. Kama ni mzima wakati mwingine tunakata sehemu ya juu tu, ukanda wa chini unabaki umeshikilia uso, kidevu hakiendi popote. Ukishatafunwa na huo ndo tunalazimika kutoa kipande chote. Kwahiyo kila mwezi mnaobishana na baba mdogo, uvimbe wenyewe unaendelea na kazi.

---

kijana_wa_mbozi:

Mrejesho wakuu, samahani nimepotea wiki 5.

Baba mdogo nilimpigia simu nikaweka spika nikamsomea alichoandika taya_la_chuma, neno kwa neno. Alikaa kimya, alafu akauliza "huyo mtu yuko hai?" Nikamwambia anaandika na kuoa kaoa. Akasema basi mpelekeni ila mimi nakuja naye. Na kweli alikuja, kakaa nje ya mlango wa chumba cha daktari na kofia mkononi muda wote.

Kinyama kilikatwa kwa ganzi ndani ya mdomo, haikufika nusu saa, nyuzi 2 tu. Walichoma sindano kwanza kama ulivyosema daktari, yakatoka maji ya njano. Kesho yake dogo alikuwa kijiweni. Majibu yametoka wiki ya tatu: ameloblastoma, ya vyumba vingi. Haina dalili za saratani. Ukingo wa chini umeshaliwa sehemu ndogo kwahiyo atatolewa kipande, na pleti itawekwa. Tumepewa rufaa kwenda Dar, tarehe tunayo. Wachangia damu 4 tumepata, wawili ni madereva wenzake, wa tatu ni yule kinyozi.

Dogo sasa hofu imeisha, swali lake kwa taya_la_chuma ni moja tu, anauliza na hiyo pleti akipona ataweza kuendesha pikipiki?

---

taya_la_chuma:

Mwambie ataendesha, ila siyo miezi ya mwanzo, na daktari wake ndo atampa ruhusa. Alafu lile kofia la wazi analovaa alitupe, anunue linalofunika mpaka kidevu. Hiyo titani haiuzwi kwa fundi.